Mwanaume anayesema hana nguvu za kiume achunguzwe kabla ya kupewa kidonge

Ndugu wanajukwaa, nafanya kazi katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya wilaya. Uzi huu nawaandikia matabibu na madaktari wenzangu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali, pamoja na kila mwanaume anayejiuliza atakutana na nini akiamua kumweleza daktari jambo hili. Hoja yangu ni kwamba uume kushindwa kusimama, hasa kwa mwanaume aliyevuka miaka 40, ni dalili inayostahili kutafutiwa chanzo kwa uzito uleule tunaoupa mkojo wenye damu au kikohozi cha wiki mbili. Chanzo hicho mara nyingi hupatikana kwa mazungumzo yenye utulivu, kwa mikono ya mtoa huduma na kwa vipimo vichache ambavyo havihitaji hospitali ya rufaa.

Tatizo si dogo. Utafiti mkubwa uliofanywa Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba asilimia 52 ya wanaume wenye umri wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na kiwango fulani cha tatizo hili, kuanzia hafifu hadi la kutosimama kabisa. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa Kinondoni ulilikuta kwa takriban mwanaume mmoja kati ya wanne, na ule wa kliniki ya kisukari ya Muhimbili ulilikuta kwa zaidi ya nusu ya wanaume waliohojiwa. Ukifungua rejesta ya wagonjwa wa nje, hata hivyo, utaiona malaria, utauona UTI, utayaona maumivu ya mgongo, lakini hili utalitafuta sana. Wanaume wanakuja, ila wanasema mgongo unauma, au wanaomba dawa ya kuongeza damu, kisha wanasubiri waone kama daktari atawafungulia njia ya kusema walichokijia. Asipowafungulia, wanaondoka na diklofenaki, dawa ya maumivu.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na mtoa huduma kuuliza. Huanza pia na kuhakikisha mnazungumzia jambo moja, kwa kuwa mgonjwa anaposema nguvu zimepungua anaweza kuwa na maana zinazotofautiana sana kitabibu. Yuko ambaye uume hausimami au unalegea kabla tendo halijaisha. Yuko ambaye unasimama vizuri lakini anamwaga mapema mno, na mwingine hana hamu kabisa ingawa mwili ungeweza. Yuko ambaye mke hajashika mimba, naye anadhani kukosa mtoto na kukosa nguvu ni ugonjwa mmoja, wakati mwanaume anaweza kusimama barabara huku shahawa zake hazina mbegu. Wapo pia vijana wengi wanaolalamika kwamba hawawezi bao la pili. Hao wengi hawaumwi, kwa sababu kila mwanaume baada ya kumwaga hupitia muda wa mapumziko ambao hakuna nia wala kidonge cha kuufuta, na muda huo hurefuka kadiri umri unavyosogea. Jopo la wataalamu lililoitishwa mwaka 1992 na taasisi za taifa za afya za Marekani liliueleza ugonjwa wenyewe kuwa ni kushindwa kupata au kudumisha usimamaji wa uume unaotosha kwa tendo la kuridhisha. Hali hiyo iwe ya kudumu au ya kujirudia kwa miezi, siyo usiku mmoja wa uchovu au wa pombe.

Baada ya hapo historia ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Uliza tatizo lilianza lini na lilianzaje, kama lilikuja ghafla au lilinyemelea pole pole. Uliza kama uume bado unasimama alfajiri anapoamka, au akiwa peke yake, au akiwa na mwenza mwingine kama yupo, na uulize bila kumhukumu. Tatizo lililozuka ghafla, linalotokea mahali pamoja na si pengine, huku usimamaji wa alfajiri ukiendelea kama kawaida, linaelekea zaidi kwenye hofu, ugomvi wa nyumbani, msiba, madeni au sonona. Lile lililoingia taratibu, la kila mara, ambalo limeondoka na usimamaji wa alfajiri pia, linaelekea kwenye mishipa ya damu, neva au homoni. Nasisitiza neno "linaelekea", kwa sababu wanaume wengi wa makamo wana vyote viwili: mshipa ulianza kudhoofika, akashindwa siku moja, akaingiwa na hofu, na sasa hofu inamshinda hata siku ambazo mwili ungeweza. Anayeandika kwenye faili kwamba ni mawazo tu bila kupima sukari amefunga mlango mapema.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na sababu ya kuuandika uzi huu. Uume husimama pale neva na kuta za mishipa zinapotoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya ndani ya uume ili damu iingie kwa wingi na kubanwa humo. Wanasayansi watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa, na mwaka huohuo sildenafili (Viagra), dawa ya kusaidia uume kusimama inayoitegemea njia hiyo, iliidhinishwa Marekani. Ukuta wa mshipa unaposhindwa kutoa gesi ya kutosha kwa sababu ya sukari, shinikizo la damu, lehemu au sigara, unashindwa mwili mzima. Lakini ateri za uume zina kipenyo cha milimita 1 hadi 2 tu, wakati zile zinazolisha moyo zina milimita 3 hadi 4, kwa hiyo uharibifu uleule hujionyesha kwanza kwenye mshipa mwembamba. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi wa moyo uume uliacha kusimama vizuri miaka 2 hadi 5 kabla kifua hakijaanza kubana. Miaka hiyo ni nafasi ya matibabu. Mwanaume wa miaka 45 akija na lalamiko hili, akapewa vidonge vinne na kuambiwa aende, tumempa usiku mmoja mzuri na tumempotezea miaka ambayo tungeweza kuulinda moyo wake.

Uliza dawa anazotumia, zote. Haidroklorothiazaidi, spironolaktoni, atenololi, propranololi, methildopa, haloperidoli, risperidoni, fluoksetini, simetidini, finasteridi na dawa za maumivu za jamii ya afyuni ni miongoni mwa zinazojulikana kuleta au kuzidisha tatizo hili. Uliza sigara, pombe, bangi na mirungi. Uliza ajali, kwa kuwa kijana aliyevunjika nyonga kwenye bodaboda anaweza kuwa ameharibika neva na mishipa inayokwenda kwenye uume. Uliza upasuaji wa tezi dume. Muulize mwenye selimundu kama amewahi kukaa na uume uliosimama kwa saa nyingi ukiwa na maumivu, kwa sababu hali hiyo ikizidi saa 4 ni dharura, na ikiachwa huacha makovu yanayozuia kusimama milele. Uliza pia, kwa heshima, alichokwisha kujitibu nacho. Supu ya pweza na muhogo mbichi na nazi havina neno. Dawa zisizo na lebo zinazouzwa kama mitishamba ni jambo jingine, kwa kuwa mamlaka za dawa, ikiwemo ile ya Marekani, zimekuwa zikizikuta bidhaa za namna hiyo zikiwa zimechanganywa sildenafili kwa siri.

Kisha mguse mgonjwa. Inasikitisha kwamba wengi wetu tunaliandikia lalamiko hili dawa huku mgonjwa akiwa hajafungua hata mkanda. Pima shinikizo la damu, uzito na mzunguko wa kiuno. Papasa mapigo ya kinena na ya miguuni, kwani mapigo dhaifu ya kinena kwa mtu anayeumwa makalio au mapaja akitembea huonyesha ateri kubwa imeziba juu. Tazama uume kama una uvimbe mgumu au makovu yanayoupinda, kama govi linarudi nyuma, kama korodani ni ndogo na laini, kama nywele za mwili zimepungua na matiti yamekua. Katika ukanda wetu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Lindi na Mtwara, usisahau busha, maana busha kubwa huumeza uume na kumwaibisha mtu kiasi cha kukwepa tendo, ilhali lina upasuaji. Ganzi ya sehemu za siri na eneo la kukalia, ikiambatana na mkojo kuziba au miguu kukosa nguvu, ni dharura ya uti wa mgongo, na mgonjwa huyo harudi nyumbani.

Vipimo ni vichache: sukari ya kufunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita), lehemu, na testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya asubuhi kabla ya saa 5. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, ikithibitishwa kwa kurudia, ni kisukari, na wapo wanaume ambao wameujua ugonjwa wao kwa njia hii. Testosteroni ikiwa chini irudiwe asubuhi nyingine kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa, kwa sababu homa, kukosa usingizi na hata kula hushusha kiwango. Miongozo ya Uingereza huihesabu iliyo chini ya 8 nmol/L kuwa pungufu, na kati ya 8 na 12 kuwa eneo la mashaka. Ikithibitika kuwa pungufu, ndipo vipimwe LH na prolaktini, homoni za tezi iliyo chini ya ubongo. Mahali ambapo testosteroni haipimwi, usikubali iwe sababu ya kuacha sukari na presha, ambavyo vinapimwa.

Lipo pia dodoso fupi la maswali 5, lenye alama 5 hadi 25, ambapo 21 kushuka chini huashiria tatizo. Linafaa kupima ukubwa wa tatizo na kufuatilia nafuu, lakini halisemi chanzo.

Karibuni kwa maswali.

Nesi wa Kliniki ya Alhamisi ameandika:

Daktari, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nipo kliniki ya kisukari, na wagonjwa wangu wengi ni wazee wa umri wa babu yangu. Najua natakiwa kuuliza, lakini sijui naanzaje bila kuonekana nimekosa adabu, na nikinyamaza wao pia wananyamaza.

Mwanzisha uzi amejibu:

Dada yangu, ugumu huo ni wa kweli na hauondoki kwa kuambiwa tu uwe jasiri. Kinachosaidia ni kwamba swali litangulie na ugonjwa, lisitangulie na kitanda. Hakikisha mlango umefungwa na hakuna mtu wa tatu chumbani, mwamkie, kisha useme: "Mzee wangu, kisukari kikikaa muda mrefu kinaweza kugusa macho, figo, miguu, na pia mambo ya ndoa. Wazee wote wa kliniki hii tunawauliza. Je, kwa upande wako kuna chochote kilichobadilika?" Hapo umemwonyesha kwamba hakuchaguliwa peke yake, na umempa lugha ya staha ya kujibia. Akisema yapo mabadiliko lakini angependa kuzungumza na mwanaume, mpeleke siku hiyohiyo kwa mwenzako wa kiume. Usimpe tarehe nyingine, kwa kuwa huenda ilimchukua mwaka mzima kufikia sentensi hiyo.

Mstaafu wa Reli ameandika:

Nina miaka 61. Nilianzishiwa dawa za presha, na baada ya muda mambo ya chumbani yakalala. Niliziacha dawa mwenyewe na kwa kiasi fulani nikaona afadhali. Je, nilikosea?

Mwanzisha uzi amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Naomba urudi kliniki wiki hii, ukiwa na vikopo vya dawa zote ulizokuwa ukitumia, na useme waziwazi kwa nini uliziacha. Uliloliona linaweza kuwa la kweli, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, hasa atenololi, propranololi na haidroklorothiazaidi, hutajwa sana kwa hili. Lakini presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa ileile ya uume, pamoja na ya ubongo, moyo na figo, kwa hiyo afadhali uliyoipata haina msingi wa kudumu. Zipo dawa nyingine, kama amlodipini na losatani, ambazo kwa kawaida haziathiri usimamaji wa uume, na daktari wako anaweza kukubadilishia baada ya kuangalia hali yako nzima. Wapo wagonjwa ambao wana sababu nzuri ya kubaki kwenye atenololi na ndugu zake, mfano waliowahi kupata shambulio la moyo, na kwao kuacha ghafla ni hatari, ndiyo maana nasema uende badala ya kukutajia hapa cha kumeza. Mwambie akupime sukari na lehemu pia, na mweleze kama ukitembea mwendo wa haraka kifua hubana au pumzi hukata.

Kijana wa Mbagala ameandika:

Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, ninatarajia kuoa. Nikiwa na mchumba wangu inasimama halafu inalala ninapotaka kuanza. Asubuhi nikiamka ipo sawa kabisa. Nimesoma kwamba punyeto la ujanani hukata mishipa na sasa naamini nimejiharibu. Nimenunua dawa za mitishamba mara kadhaa bila mafanikio.

Mwanzisha uzi amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Hilo ulilolieleza la asubuhi ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa kuwa uume haungesimama vizuri alfajiri kama mishipa na neva zingekuwa zimekatika. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba punyeto hukata mishipa ya uume. Kinachoonekana katika maelezo yako ni hofu ya kushindwa: mwili unapokuwa na hofu hutoa homoni ya adrenalini, nayo hubana mishipa ya uume na kuirudisha damu ilikotoka, kwa hiyo kadiri unavyojikagua katikati ya tendo ndivyo unavyolisababisha lile unaloliogopa. Hata hivyo sitaki uishie kwenye jibu la mtandaoni. Nenda ukapimwe presha na sukari, ukaguliwe mwili, uulizwe pia kama katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, maana sonona hujificha hapa mara nyingi. Majibu yakiwa sawa, mazungumzo na mshauri, mkiwa pamoja na mchumba wako kama ataridhia, yanaweza kusaidia sana. Hizo dawa zisizo na lebo acha.

Mwenye Duka Kariakoo ameandika:

Daktari, kwa heshima zote, mteja wangu anataka nafuu leo jioni. Sildenafili inafanya kazi kwa wengi, chanzo kiwe sukari au mawazo. Ukimtaka akapange foleni ya maabara, ataenda kwa muuza unga wa kienyeji. Kwa nini asipewe dawa kwanza, vipimo vifuate?

Mwanzisha uzi amejibu:

Ndugu yangu, hoja yako ina ukweli ndani yake. Dawa hii ni nzuri, naiandika kila mara, na sisemi mgonjwa anyimwe mpaka kila karatasi ya maabara irudi. Lakini yapo maswali ambayo hayasubiri. La kwanza ni kama anatumia nitrati kwa ajili ya kifua, ama kidonge cha kuweka chini ya ulimi au cha kumeza kila siku, kwa sababu zikikutana na sildenafili presha inaweza kuporomoka hadi kifo. Ndiyo maana mtu aliyemeza sildenafili hapewi nitrati ndani ya saa 24, na kwa tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo, ndani ya saa 48, na mhudumu wa dharura hawezi kulijua hilo kama mgonjwa alimeza kwa siri. La pili ni kama anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI za laini ya pili zenye ritonaviri, kwani huzuia ini kuiondoa sildenafili, na kwa mtu huyo kiwango cha juu ni miligramu 25 ndani ya saa 48, wakati wengi hununua kidonge cha 100. La tatu ni kama moyo wake unahimili tendo lenyewe. Anayeweza kutembea kilomita moja na nusu kwenye tambarare kwa dakika 20 bila kifua kubana wala pumzi kukata, kwa kawaida anahimili, na asiyeweza apelekwe kwa daktari wa moyo kwanza.

Kuhusu vipimo kufuata baadaye, uzoefu wa sisi tunaokaa upande wa kliniki ni kwamba havifuati. Mtu akishapata nafuu haoni sababu ya kurudi, na kidonge kinaendelea kuificha sukari inayopanda. Wewe una nafasi ambayo mimi sina, kwa sababu unamwona kabla yangu. Kama una kipimo cha presha na cha sukari ya kidole hapo dukani, vitumie, na yeyote ambaye namba zake zimepanda mwandikie kikaratasi cha kumleta kwetu.

Tabibu wa Kata ameandika:

Tupo kituo cha afya kisicho na daktari bingwa. Ni nani tumpeleke rufaa, na ni nani tubaki naye?

Mwanzisha uzi amejibu:

Baki na walio wengi: mwenye sukari, mwenye presha, mnene, mvutaji, mwenye hofu, na yule ambaye dawa yake yenyewe ndiyo chanzo. Hao wanahitaji ufuatiliaji wako kuliko wanavyomhitaji bingwa. Mpeleke kijana ambaye hajawahi kusimama tangu abalehe, au aliyepata tatizo baada ya kuvunjika nyonga au kuumia uti wa mgongo. Mpeleke mwenye uume uliopinda kwa uvimbe mgumu, na mwenye testosteroni iliyothibitika kuwa chini, hasa akiwa na prolaktini ya juu, maumivu ya kichwa au kutoona vizuri pembeni, kwa kuwa anaweza kuwa na uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Mpeleke kwa daktari wa moyo yule ambaye kifua kinabana. Na mpeleke aliyekwisha kujaribu dawa kwa usahihi bila mafanikio, ila kabla hujaiandika rufaa hiyo hakikisha kwamba aliimeza saa moja hivi kabla ya tendo, siyo juu ya mlo mzito wa mafuta, kwa kiwango cha kutosha, kwa siku kadhaa tofauti, na kwamba alielewa kuwa kidonge hakiusimamishi uume bila hamu na mguso. Huko hospitali ya rufaa wanaweza kuifanyia mishipa ya uume kipimo cha Dopla, yaani ultrasaundi ya mtiririko wa damu, baada ya sindano ya kufungua mishipa, ambacho wagonjwa wetu wengi hawakihitaji. Katika barua andika presha, sukari, dawa zote na kile ulichokiona ulipomkagua, ili mgonjwa asilazimike kuianza habari yake upya mbele ya mtu asiyemjua.